Kiti cha Kumsindikiza Mchungaji

Ukimshika mtu ndani ya banda lako la kuku huku Landless, pembeni ya mji wa Thika, manyoya bado yameganda kwenye koti lake, utafanya nini? Utamkodia hema, umnunulie suti, umwimbie, kisha umsindikize hadi Ruiru akalinde kuku wa watu wengine? Usicheke. Kuna watu wazima wenye tai na vitambulisho wanaofanya hivyo, na wanaanza kwa maombi.

Mmoja wao alikuwa Simeon Kahiga, fundi wa makochi na mzee wa kanisa. Alikuwa mtu mwema, na shida ilianzia hapo hapo. Wema wake ulikuwa kama wa yale makochi aliyotengeneza: ukimkalia anabonyea, ukiinuka anarudi alivyokuwa, na wala hakuulizi ulikuwa umekaa na nani. Majirani walimpenda. Kanisani walimpenda zaidi. Mtu wa namna hiyo hapatikani kila siku, na akipatikana anapewa kamati.

Kazi alifundishwa na Himatlal, mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la fanicha mjini Thika. Kahiga aliingia pale akiwa kijana wa kubeba sponji, akatoka akiwa fundi anayeweza kuvua kochi kitambaa na kulivisha jingine kabla chai haijapoa. Himatlal alikuwa mkali, na alikuwa na sheria moja ambayo hata mke wake, Dayaben, hakuthubutu kuigusa. Kila kochi lilitoka dukani na garanti. Mteja akipiga simu kulalamika, hata kama duka zima linajua ni watoto wake walioruka juu ya kochi mpaka springi zikalia, Himatlal alituma gari lilichukue.

"Kochi lenye malalamiko hapana kaa sebuleni kwa watu," alikuwa akisema. "Leta hapa kwanza. Toa kitambaa, angalia mbao. Halafu tutagombana nani alivunja."

Kahiga aliishika sheria hiyo tangu ujana mpaka nywele zikaanza kumwacha. Himatlal alipofunga duka, Kahiga alifungua banda lake kando ya barabara kule Landless, akapanga makochi nje chini ya karatasi za nailoni, na yeye pia akawa anatoa garanti. Haikumjia hata siku moja kwamba sheria ile inaweza kufaa kwa kitu kingine chochote chenye miguu.

Kanisa lake liliitwa Mizeituni Mipya. Lilikuwa na matawi Landless, Githurai 45, Ruiru na Gatuanyaga, na lilikuwa na desturi moja ambayo waumini waliionea fahari kuliko hata ubatizo. Mchungaji akihamishwa, tawi analotoka humsindikiza hadi tawi analoenda, na humpeleka na kiti. Si kiti cha kukalia ukila ugali. Ni kiti kirefu cha velveti nyekundu, mgongo umechongwa msalaba, mikono imepakwa rangi ya dhahabu, kiti ambacho mfalme mwenyewe angeona haya kidogo kukikalia. Wakifika, kiongozi wa akina mama wa tawi linalompokea husimama na kuuliza mbele ya watu wote: "Mnatukabidhi mtu wa namna gani?" Naye mzee wa tawi linalomleta hujibu: "Tunawakabidhi mtu safi. Mikono safi, kinywa safi, jina safi." Hapo akina mama humfunga mchungaji leso mabegani na kumkalisha kwenye kiti. Pasipo jibu, hakai.

Kiti, bila shaka, ni kazi ya Kahiga. Alikuwa amevitengeneza vingi.

Mchungaji Gichuhi alikuja Landless kutoka Githurai kwa njia hiyo hiyo. Aliyeuliza swali siku ile alikuwa Wamboi, mke wa Kahiga, ambaye ni kiongozi wa akina mama wa Landless. Aliyejibu alikuwa Mzee Kyengo wa Githurai, mtu mrefu mwenye sauti ya redio. "Mtu safi!" alinguruma Kyengo, na hema zima likapiga vigelegele. Wamboi mwenyewe ndiye aliyemfunga Gichuhi leso.

Katika banda la Kahiga alikuwepo msichana aitwaye Lynn, wa miaka ishirini, aliyekuwa akishona vitambaa vya makochi. Kwao ni Gatuanyaga, kule kwenye vumbi na mbuzi, ambako mama yake anafuga na pia anaongoza akina mama wa tawi la huko. Lynn alikuwa mwimbaji wa mbele kanisani. Baba yake alipofariki, Mchungaji Gichuhi alisema msichana anahitaji kufarijiwa, na akaanza kumwita ofisini kwa ajili ya faraja.

Lynn akaacha kuimba. Kisha akaanza kushona kombo, yeye ambaye mishono yake ilinyooka kama barabara mpya. Siku moja Wamboi alimleta jikoni kwake, akafunga mlango, akawasha jiko la chai ambayo hakuna aliyekuja kuinywa. Aliyoambiwa huko Wamboi hakumrudia mtu neno kwa neno, na hapa pia hayatarudiwa. Inatosha kusema kwamba Lynn alisema hapana, tena kwa sauti, na kwamba mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kwa ndani.

Kahiga aliitwa kutoka bandani, stepla bado mkononi. Wamboi alimweleza kwa ufupi. Kahiga akakaa chini.

"Ngai," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa: "Tuombe kwanza."

"Sitaki maombi, Mzee," Lynn akasema. "Nimeombewa na yeye mwenyewe. Imetosha."

"Sasa unataka nini, mwanangu?"

"Nataka mtu mzima mmoja aende na mimi polisi. Mmoja tu. Nikienda peke yangu wataniuliza wewe ni nani. Nikienda na mzee wa kanisa wataniuliza ilikuwaje."

Kahiga akaitazama stepla yake kana kwamba imemwongelesha.

"Ni sawa," akasema. "Lakini wacha tupeleke kwa baraza kwanza. Kanisa lina utaratibu."

Kanisa lilikuwa nao kweli. Utaratibu wenyewe ulianza na Mchungaji Gichuhi, ambaye kwa cheo chake ndiye mwenyekiti wa baraza, kufungua kikao kwa maombi. Aliomba Mungu awape wazee hekima, awafunge midomo waongo, kisha akatoka nje ili haki itendeke. Alikwenda kukaa kwenye benchi chini ya dirisha lililo wazi, ambapo haki aliweza kuisikia vizuri.

Kutoka makao makuu alikuwa amekuja Mwangalizi wa matawi, mtu nadhifu mwenye kitambaa cha kufutia jasho ambalo hakuwa nalo. Chai ikamiminwa. Viazi vitamu vikapitishwa. Lynn aliitwa, akasimama, akasema alichosema, akaambiwa asubiri nje. Nje kulikuwa na benchi moja tu, nalo lilikuwa na mtu. Akaenda kusimama kwenye jua.

"Wapendwa," akaanza Mwangalizi, "madhabahu inashambuliwa."

"Amina," wakasema.

"Adui akitaka kanisa, anaanza na mchungaji."

"Kabisa."

Mweka hazina, mtu wa heshima anayeuza vipuri vya pikipiki, akauliza kama kuna mtu aliyeangalia sketi ambazo wasichana wa siku hizi wanaimbia. Mwingine akauliza kwa nini msichana arudi ofisini mara ya pili kama mara ya kwanza hakupenda. Hakuna aliyeuliza kwa nini ofisi ya faraja inahitaji ufunguo. Kiazi kitamu kina utamu wake, na swali hilo lingekiharibu.

Kahiga alikohoa. "Na polisi?" akasema.

Walimgeukia wote kana kwamba ametema kwenye birika.

"Mzee Kahiga," Mwangalizi akasema kwa upole mwingi, "wewe ukigombana na mama watoto, unapeleka kwa chifu?"

"Hapana."

"Basi. Polisi ni wa watu ambao hawana kanisa. Sisi tuna damu ya Yesu."

"Amina," wakasema, na Kahiga, kwa mazoea, akasema pia.

Mpaka chai inakwisha, baraza lilikuwa limefikia uamuzi kwa kauli moja. Lynn apumzike kuimba hadi moyo wake utulie, aombewe, na asamehe. Mchungaji Gichuhi, kwa kuwa amepitia jaribu zito, apewe mabadiliko ya hewa. Hewa iliyopatikana ilikuwa ya Ruiru. Kwa maneno mengine, aliyelalamika alisimamishwa, na aliyelalamikiwa akapandishwa hadi tawi kubwa zaidi, lenye vigae sakafuni na mahali pa kuegesha magari. Sherehe ya kumsindikiza ikapangwa Jumamosi. Kiti atengeneze Mzee Kahiga. Na neno la makabidhiano, kwa kuwa ni mtu anayeaminika, aseme yeye.

Mtu akikuambia wewe ni mtu unayeaminika, ukiwa Kahiga, unabonyea. Akasema sawa.

Ile velveti nyekundu aliificha chini ya sponji. Lynn aliipata siku hiyo hiyo, akitafuta kitambaa kingine.

"Mzee, hii velveti ni ya nani?"

"Ya mteja."

"Mteja gani anataka msalaba kwa mgongo wa kiti?"

Kahiga alikuwa na misumari mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani akashukuru kuwa nayo.

Lynn akaikunja velveti vizuri, kona kwa kona, akairudisha pale alipoitoa. "Kiti cha Pasta sitashona."

"Si lazima, mwanangu."

"Na wewe je? Ni lazima?"

Akaketi kwenye cherehani yake, akaendelea kushona mito ya mtu wa Makongeni. Kahiga akashona ile velveti mwenyewe, akajichoma sindano mara nyingi kuliko fundi wa umri wake anavyopaswa kujichoma.

Ijumaa jioni, wakila, Wamboi aliweka kijiko chini.

"Baba Kui."

"Naam."

"Nani aliuliza lile swali Pasta akikuja hapa?"

"Ni wewe."

"Na nikajibiwa nini?"

Kahiga akatafuna polepole. "Mtu safi."

"Mimi ndio nilimfunga leso. Mikono hii. Nikamkalisha, nikapiga na vigelegele." Akasukuma sahani. "Nataka kujua Kyengo alikuwa anajua ama hakuwa anajua. Mpigie. Weka sauti kubwa."

"Wamboi, huyo ni mzee mwenzangu, siwezi..."

"Mpigie, ama nimpigie mimi, na ukinijua unajua nitaanza namna gani."

Akapiga. Sauti ya redio ikajaa nyumba.

"Mzee Kahiga! Bwana asifiwe! Nasikia kesho mnampeleka Ruiru. Mimi pia nitakuja, nimealikwa. Kiti umemaliza?"

"Nimemaliza. Mzee, nikuulize kitu. Mlipotuletea Gichuhi, kulikuwa na maneno huko kwenu? Ya msichana?"

Sauti ya redio ikashuka, kana kwamba mtu amegeuza kitufe.

"Si unajua maneno hayakosi," akasema.

"Kulikuwa na msichana?"

"Walikuwa wawili. Mmoja familia yake ilihama. Huyo mwingine, aah, sijui."

Wamboi akafumba macho.

"Na wewe ukasimama ukasema mtu safi," Kahiga akasema.

"Mzee Kahiga, ulitaka niseme nini? Hema lilikuwa limeshakodiwa! Wali umeiva! Watu wametoka Githurai na basi nzima, kwaya imevaa sare, halafu mimi niharibu? Hata wewe kesho utasema. Unafunga macho, unasema, unakaa chini. Ni maneno kidogo tu. Haiumi."

Kahiga akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata muuzaji wa gundi. Wamboi aliondoa sahani, na kila sahani aliiweka kwenye karai kana kwamba ni ya mwisho duniani. Kahiga akabaki mezani, akijaribu kufikiria neno la kesho, na badala yake akawa anasikia sauti ya Himatlal, ile ya haraka haraka, ikimwambia dereva awashe gari akalete kochi.

Jumamosi Ruiru ilipambwa. Hema lilikuwa jeupe na la buluu, na maua ya plastiki yalifungwa kwenye nguzo. Mwangalizi alikuwa na suti mpya. Gichuhi alikuwa na suti mpya zaidi, aliyonunuliwa na watu wa Landless, wakiwemo waliokuwa wamesikia na kuamua kwamba hawakusikia. Kiti kilishushwa kutoka kwenye pikapu na vijana, kikatandikiwa kitambaa cheupe, na watu wakakipiga picha. Kilikuwa kizuri. Lazima isemwe, kilikuwa kizuri sana.

Kwaya ya Landless iliimba bila Lynn. Kwaya ya Ruiru ikajibu. Walikuwa wasichana pekee, wamevaa sketi za zambarau zinazofanana, wadogo kwa Lynn wengi wao, wamekaa mstari wa mbele karibu na kiti. Gichuhi aliwatabasamia mmoja mmoja, kama mtu anayekagua shamba alilorithi.

Kisha akasimama kiongozi wa akina mama wa Ruiru, mwanamke mnene aitwaye Trizah, anayeuza mboga kwa jumla na ambaye sauti yake imezoea kupambana na malori.

"Watu wa Landless!" akaita. "Mnatukabidhi mtu wa namna gani?"

Kahiga akaenda mbele. Akapewa maiki. Akaigonga kwa kidole, ikanguruma. Akaishusha kidogo, akaipandisha. Mstari wa pili alimwona Kyengo, miguu imenyooshwa, akimwashiria kwa kichwa kwa upendo: fumba macho, sema, kaa. Nyuma kabisa alimwona Wamboi. Wenzake walikuwa wameshika leso tayari kupunga. Yeye alikuwa ameishika yake imekunjwa.

"Tunauliza tena!" Trizah akasema, na watu wakacheka, maana walidhani ni mbwembwe. "Mnatukabidhi mtu wa namna gani?"

Kahiga akakigeukia kiti, kwa sababu kiti hakikuwa na macho.

"Mimi ni fundi," akasema. "Hiki kiti nimekitengeneza mimi. Mbao ni kavu, springi ni mpya, gundi sikubana. Kiti nakipa garanti. Kikivunjika, nileteeni Landless, nitakirudisha karakana kabla sijauliza nani alivunja."

"Amina!" mtu akapaza sauti.

"Mtu simpi garanti."

Hata jenereta ilisikika vizuri.

"Kuna msichana kwetu amemlalamikia huyu mtu. Jambo kubwa, la huko ofisini kwake, si la maneno ya maiki. Kabla yetu kulikuwa na wengine. Sisi wazee tulikunywa chai. Kwa hivyo kiti nakikabidhi, mama. Mtu simkabidhi. Kesho asubuhi huyo msichana naenda naye polisi."

Mwangalizi alikuwa ameshanyanyua kidole. Huko Mizeituni Mipya kidole hicho kinamaanisha jambo moja tu, na mpiga kinanda alilielewa: muziki ukaanza, kwa nguvu, wimbo wa furaha. Maiki ikafa mkononi mwa Kahiga. Kwaya ya Landless ikasimama kwa mazoea na kuanza kupiga makofi. Mwangalizi akamshika Gichuhi kiwiko, akawa anamsogeza kuelekea kiti huku akitabasamu na kuimba, kama mtu anayemvusha bibi kizee barabara.

Trizah akaja akasimama kati yao na kiti. Hakuhitaji maiki.

"Wee, ngoja! Mimi sijajibiwa. Nimejibiwa na kinanda!"

"Mama, tuimbe kwanza, haya mengine tutaongea ofisini," Mwangalizi akasema.

"Ofisini tena? Si huko ndiko kuna maneno?" Akawageukia wasichana wa sketi za zambarau. "Nyinyi, inukeni hapo mbele. Kujeni nyuma kwa mama zenu."

Wakainuka. Akina mama wa Ruiru, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kukunja leso zao na kuzitia mikobani. Wali ulikuwa umeiva, harufu yake imejaa kila mahali, na hapakuwa na mtu aliyejua kama ni halali kuula.

Kahiga na Wamboi hawakungoja kujua. Basi la kanisa halikuwaita, wakatembea hadi steji, wakapanda matatu. Kabla hawajafika Thika, simu ya Kahiga ililia. Katika kundi la wazee la WhatsApp, Mwangalizi alikuwa ameandika: "Mzee Simeon Kahiga amesimamishwa uzee mara moja hadi uchunguzi ukamilike."

Wamboi akasoma mara mbili.

"Haiya," akasema. "Kumbe wanajua kusimamisha mtu kwanza halafu waulize?"

"Wanajua," Kahiga akasema.

"Kumbe hata neno uchunguzi wanalo! Na wamelificha wapi siku hizi zote?" Akaanza kucheka, na Kahiga, ambaye kwa kawaida hucheka baada ya kuhakikisha wengine wamecheka, akacheka naye mpaka kondakta akawatazama.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, wakati kengele za makanisa zikianza, watatu walikuwa kwenye benchi nje ya kituo kidogo cha polisi kando ya barabara ya Garissa: Lynn, Wamboi, na Kahiga katika koti lile lile la uzee, maana hakuwa na jingine. Lynn alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Mguu wake mmoja ulikuwa ukitikisika kama wa mtu aliye kwenye cherehani.

Wakaona pikapu ikipita. Ilitoka upande wa mjini, ikielekea Gatuanyaga. Nyuma yake, kimefungwa kamba, kilisimama kiti chekundu. Mbele, kando ya dereva, walikuwa wamebanana Mwangalizi na Mchungaji Gichuhi katika suti yake mpya zaidi.

"Ngai mwathani," Wamboi akasema. "Ruiru wamemkataa, sasa wanampeleka Gatuanyaga."

Walifikiri vizuri, kwa namna yao. Gatuanyaga ni mbali na lami, watu ni wachache, habari hufika zimechoka. Walichosahau ni nani anayeuliza swali huko.

Lynn alikuwa ameshatoa simu.

"Mama? Umefika kanisa? ... Mama, nisikize. Kuna pikapu inakuja huko, ina kiti. Na Pasta wa huku. ... Nitakuambia yote leo, nikikuja. Yote. Saa hii wewe uliza tu lile swali lenu." Akasogeza simu karibu na mdomo. "Na wakianza kuimba usikubali, Mama. Wimbo sio jibu."

Mlango wa kituo ukafunguliwa. Koplo wa dawati la jinsia, mwanamke mwenye kalamu mbili kwenye nywele, akawaita ndani. Akamtazama Lynn, kisha Kahiga.

"Huyu ni babako?"

"Hapana. Ni mzee wa kanisa."

"Nimesimamishwa," Kahiga akasema.

"Ukae hapo basi, Mzee, uliyesimamishwa. Wewe, msichana, keti hapa karibu. Hakuna haraka. Ilikuwaje?"

Ilikuwaje. Kahiga alilisikia neno lile, akakumbuka jikoni, akatazama pembeni. Alitazama dirisha, kwa sababu mambo mengine hayakuwa yake kuyasikia. Lynn alisema polepole, Wamboi amemshika mkono, na koplo akaandika, akauliza, akaandika tena. Chai iliyoletwa ilipoa bila mtu kuigusa.

Alikuwa bado anatazama dirisha alipoona vumbi. Pikapu ilikuwa inarudi. Ilikuja kutoka Gatuanyaga ikiwa nyeupe kwa vumbi mpaka kioo, na nyuma yake kiti kilikuwa kingali kimefungwa kamba zile zile, fundo halijaguswa, velveti imekuwa rangi ya udongo. Hakikushushwa. Garanti yake ilikuwa bado nzima.

"Mzee, unaangalia nini?" koplo akauliza.

"Afande, mtu tunayemwongelea," Kahiga akasema, "anapita hapo nje."

Koplo akaweka kalamu, akaja dirishani, akatazama. Kisha akafungua mlango na kumwambia mwenzake aliyekuwa langoni asimamishe ile pikapu yenye kiti. Ikasimama. Mchungaji Gichuhi akashusha kioo, akatoa tabasamu lile lile la Ruiru.

"Bwana asifiwe, Afande!"

Koplo hakusema amina. Alimwomba ashuke.